Foronya Niliyosema Ni Yangu

Mwanangu Mundhir,

Umetoka kwenda Mpendae kuwaaga wenzako wa skuli, na mimi nimekaa ukumbini na kalamu, nataka nimalize kabla hujarudi. Habari za koti, za dawa zako na za mwenyeji wako wa Iringa nshakwambia mpaka umechoka, sizirudii. Hata namna ya kuifua hariri siiandiki hapa. Unaifua vizuri kuliko mimi.

Nakuandikia kwa sababu ya maneno tuliyosemezana juzi ulipokuwa ukipanga begi. Ulikuwa umeiweka foronya yako juu kabisa, ile ya kijani iliyokwisha kupauka, na mimi nikaiondoa nikaiingiza chini ya mashuka. Nikakwambia, "Huko bwenini utakaa na vijana wenzako. Ukitandika, juu yake uvalishe foronya ya pamba. Hapana atakayeiona."

Ukacheka. "Sasa mama, ikiwa ndani itanifaa nini? Mimi nnailalia kwa shavu."

"Wataiona."

"Waione." Ukaitoa tena ukairudisha juu. "Mama, mimi nshaacha kuona haya siku nyingi. Wewe ndiye uliyebaki."

Hukusema kwa ubaya. Ulisema kama mtu anayemwambia mwenzake kuwa kanga yake inaburura chini, kisha ukaendelea kukunja mashati. Mimi nilikwenda jikoni nikajidai natafuta sufuria.

Kweli nimebaki. Na unajua nimebaki wapi, kwa sababu tulikuwapo sote wawili, ila hatujapata hata siku moja kulitaja. Wewe hukulitaja kwa adabu. Mimi sikulitaja kwa woga.

Ulipokuwa mdogo ngozi yako ilitutesa nyumba nzima. Daktari aliita pumu ya ngozi. Mashavu, nyuma ya masikio, kwenye mikunjo ya viwiko, ikikauka inapasuka, ikipasuka inatoka maji. Kaskazi ikiingia ndiyo balaa zaidi: jasho linakuwasha, unajikuna usingizini, asubuhi shavu limegandana na mto. Nilikuwa nikikubandua kwa maji ya vuguvugu, kidogo kidogo, na wewe umeuma mdomo hulii. Foronya zetu zilikuwa za pamba nzito zilizotariziwa maua, zilizobaki katika vyombo vya harusi yangu. Kuzitazama zilikuwa nzuri. Kwa shavu lako zilikuwa msasa.

Muuguzi mmoja ndiye aliyetuambia tukulaze juu ya kitambaa laini, kisichokukwaruza wala kukunywea dawa. Nilirudi nyumbani nikamhadithia mama yangu, Bibi Zuwena. Aliinuka akafungua kabati lake, akatoa kanzu yake ya harusi, hariri ya kijani aliyoletewa na baba yake kutoka Maskati, akaitia mkasi mbele ya macho yangu.

"Mama, nguo yako ya harusi."

"Kwani nnaolewa tena?" alisema, na mkasi haukusimama.

Mimi nikaingiwa na wasiwasi, maana hariri kwa wanaume kila mtu anajua ni haramu katika dini. Kabla hujailalia nilikwenda nawe kumuuliza mwalimu wako wa chuoni, aliyekuwa akikusomesha Kurani. Alinisikiliza, akakushika kidevu akakutazama mashavu, akasema mwenye maradhi ya ngozi ana ruhusa yake katika dini, seuze mtoto mdogo. "Mlaze kwa amani, mama." Nalieleza hili ili ujue kuwa siku niliyohitaji jibu, jibu nilikuwa nalo.

Asubuhi ya mwanzo uliinuka mwenyewe. Shavu halikunata. Mafuta niliyokupaka yalikuwa bado yako usoni, kwa sababu pamba ilikuwa ikiyanywa yote na hariri haikuyataka. Ulipogeuka huku na huku usingizini, kitambaa kiliteleza pamoja nawe, hakikukuvuta. Na kilikuwa baridi hata katika joto lile, mpaka ukakiita "maji yangu". Ikifika saa ya kulala ulikuwa ukiuliza, "Mama, maji yangu yako wapi?" Haikukuponya, na mtu akikwambia hariri inaponya, ana yake ya kukuuzia. Dawa ndiyo iliyokutibu. Lakini hariri ilikupa usingizi, na ngozi ikipata kulala bila ya kukwaruzwa inajishona yenyewe. Baada ya muda uso wako ulikuwa uso wa mtoto kama wengine.

Sasa nnakuja nisipopenda kufika.

Baba yako alikuwa keshafariki, na kaka yake, ami yako Haroub wa Kiwengwa, ndiye aliyekuwa akitutazama. Mtu mwema, unamjua, sauti yake tu ndiyo kubwa. Lakini siku zile alikuwa na neno lake: mtoto wa kiume akilelewa na wanawake watupu huharibika. Alilisema kila tulipoonana. Akataka pia uhamie kwake, usome huko na mwanawe Salim. Nilikuwa nikimchekea na kubadilisha mazungumzo, kisha nikirudi mjini silali. Nilikuwa na wewe tu. Nilijua akiamua kweli, ukoo mzima utamuunga mkono, na mimi mjane kijana nitasema nini.

Idi ile tulikwenda kulala kwao. Ulikuwa na miaka saba. Foronya yako uliitia mwenyewe kwenye begi, mimi sikukwambia. Baada ya chakula watu wazima tukakaa barazani na wageni, tunakunywa kahawa. Salim akatoka chumbani na foronya kichwani, imemshuka mpaka mabegani, anatembea kwa madaha kama bi harusi, na watoto nyuma yake wanapiga vigelegele. Wageni wakacheka. Na mimi nilicheka, Mundhir. Nilicheka kabla sijafikiri.

"Ya nani hiyo?" ami yako akauliza.

"Ya Mundhir," Salim akasema. "Ndiyo anayolalia."

Ami akaishika, akaisugua kwa vidole. "Hariri hii. Mwanamume na hariri? Nani kakutandikia?"

Ulinitazama mimi. Hukuwa na hofu hata kidogo. Ulikuwa ukingoja tu niseme, maana mambo ya ngozi yako siku zote mimi ndiye niliyekuwa nikiwaeleza watu. Ningesema mtoto ana maradhi. Ningesema nshamuuliza mwalimu. Maneno yalikuwa yapo. Lakini niliwaona wageni, nikauona uso wa ami yako, nikalisikia lile neno lake hata kabla hajalisema.

Nikasema, "Ni yangu hiyo, shemegi. Sijui kaichukuaje."

Ami akakugeukia. "Umechukua kitu cha mama yako bila ya kumuomba?"

Uliniangalia tena, na safari hii nilitazama kikombe changu.

"Naam," ukasema.

"Basi huo ni wizi. Na wizi wa nguo za kike, aibu yake mara mbili." Watu wakacheka tena. Salim akakuita Bi Harusi, na jina hilo likakuganda mpaka tulipoondoka Kiwengwa. Foronya niliitia mkobani mwangu. Asubuhi Bi Time, mke wa ami yako, alikuta damu kwenye mto wa wageni uliolalia. Aliuvua foronya akaenda kuifua.

Uwongo wenyewe ungekuwa mmoja, pengine ningeumaliza njiani tukirudi. Nilikuwa nimejipangia kuwa wewe mtoto, utasahau. Jioni nyumbani nikakutandikia foronya yako kama kawaida. Uliivua kwenye mto, ukaikunja vizuri, ukaja nayo chumbani kwangu.

"Hii yako, mama."

Hukununa. Hukuwa unanisuta. Ulikuwa umepewa habari mpya na mkubwa wako, nawe umeitii. Nafasi ilikuwa ile, tuko wawili tu, hakuna mgeni, hakuna ami, na nilichotakiwa kusema ni kidogo kabisa. Nikasema, "Haya. Weka hapo."

Nilirudia kukutandikia siku ya pili, ukairudisha. Siku ya tatu sikukutandikia tena. Na hapa ndipo pananichoma kuliko barazani pa Kiwengwa, kwa sababu barazani unaweza kusema niliogopa. Foronya ile niliivalisha mto wangu, nikailalia.

Sijui kama ulijua. Nadhani ulijua. Nilijiambia kuwa nikiiweka kabatini utauliza, au Bibi ataiona. Lakini kweli ni kuwa nilitaka iwe yangu, ili niwe sikusema uwongo. Na ilikuwa nzuri, mwanangu. Faida za hariri zote wanazozisema watu, mimi nilizijua kwa shavu langu mwenyewe, siku zile ambazo shavu lako lilikuwa likitoka maji chumba cha pili. Niliamka sina mikunjo usoni. Nywele zangu, zilizokuwa zikikatika kwenye paji, zikaacha kukatika. Joto la kaskazi nililisahau. Afisini mwenzangu mmoja akanambia, "Bi Rayya, siku hizi umenawiri. Unapaka nini?"

Nikafurahi. Nikacheka nikamwambia, "Maji tu."

Nilipokwisha kulisema ndipo nikakumbuka foronya ile wewe ulikuwa ukiiitaje. Nilikaa pale mezani na mafaili yangu, nafungua moja nafunga jengine. Ungedhani siku ile nilirudi nyumbani nikakurudishia. Sikurudisha. Nilirudi nikailalia tena.

Mpaka shavu lako likaingia usaha na homa ikapanda, tukalazwa. Muuguzi alikuwa akituuliza maswali na kuandika: unakula nini, unaogea nini. Akauliza, "Analalia nini?"

Wewe ndiye uliyemjibu. "Foronya ya kawaida. Ya hariri ni ya mama."

Muuguzi aliacha kuandika. Alinitazama tu, akainamia tena karatasi yake, na mimi nikajitia kukufunika shuka.

Bibi Zuwena naye alisikia, maana alikuwa amekaa upande wa pili wa kitanda. Tuliporudi nyumbani aliingia chumbani kwangu moja kwa moja, akaivua foronya kwenye mto wangu, akaifua kwa mkono wake, akaianika kivulini. Usiku akakutandikia.

"Ya mama," ukamwambia.

"Mimi ndiye niliyeikata. Nnajua nilimkatia nani."

Kwa mkono wake uliipokea, kwa wangu ulikuwa umeikataa. Akanifuata ukumbini akasimama mlangoni. "Rayya, una neno unataka kusema?"

"Hapana, mama."

Akaitikia kwa kichwa, akaenda kulala. Miaka mingi baadaye alifariki, na jibu langu kwake limebaki lile lile.

Sikuandikii haya ili nikufunze kusema kweli. Hilo ulilijua vyema kuliko mimi una miaka saba. Nataka tu ujue namna lilivyonijia, kwa sababu mimi nilidhani jambo la kumkana mtoto wako huja kwa vitisho, mtu kakushikia panga. Nilikuwa nikijiona mama shujaa. Nilikuwa tayari kwa makubwa. Lakini lilikuja watu wameshiba pilau, wanacheka, hakuna aliyenikasirikia. Sikupata hata muda wa kuogopa vizuri. Nilitaka tu kicheko kile kisinigeukie mimi, nikakuachia wewe. Wahenga wana msemo wa mtu aliyeruka mkojo akakanyaga mavi. Ni msemo mchafu, lakini sijapata mwengine unaonifaa kama huo.

Na kitu kingine nilichojifunza, nimejifunza kwa kuchelewa: kila siku niliyonyamaza ilinifanya siku ya pili kunyamaza kuwa kwepesi, na kusema kuwa kuzito. Ukiona umeanza kungoja wakati mzuri wa kumwambia mtu jambo kama hili, jua wakati mzuri ulikwisha kupita. Mimi nimengoja mpaka umeota ndevu.

Leo asubuhi nilikwambia nnakwenda Darajani kununua viungo. Nilikwenda Kiwengwa. Hata leo, basi, nimekudanganya, na viungo vile nilinunua njiani nikirudi.

Ami yako nilimkuta dukani, kati ya saruji na mabati. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akauliza kama ushaondoka. Nikamwambia unaondoka kesho na boti ya asubuhi. Halafu nikamweleza yote, nimesimama, mkoba umo mkononi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Foronya gani, shemegi?" akasema.

"Ya kijani. Idi ile, Salim aliivaa kichwani."

Akafikiri. Alifikiri kwa nia njema kabisa. "Wallahi sikumbuki."

Sijui nikueleze vipi nilivyojisikia. Jambo lililokaa kifuani mwangu miaka yote hii, kumbe kwa mtu niliyemwogopa halikuwa jambo. Na shetani akanambia: basi ondoka, si hakumbuki? Nilishageuka.

Bi Time alikuwa ametoka ndani na chai. "Mimi nnakumbuka," alisema. "Mchana ule tulikuwa jikoni tunamenya viazi, ukanihadithia Bi Zuwena alivyoikata kanzu yake kwa ajili ya mtoto. Baadaye barazani ukasema yako."

Nilikuwa nimesahau, Mundhir. Nimesahau kabisa kuwa nilimwambia. Miaka yote nikienda kwake, nikila kwake, nikimshika mkono, mwanamke yule alikuwa anajua.

Nikamuuliza, "Mbona hukusema?"

Akaweka chai chini. "Nilingoja useme wewe. Kisha nikaona nikisema mimi nitakuvunjia heshima yako. Kisha ikawa zamani." Akanitazama. "Na mimi pia nilimwona mtoto usoni, Rayya. Usidhani ulikuwa peke yako."

Ami yako alikuwa akitutazama huku na huku. "Mimi nilimwambia nini?"

"Ulimwambia mwizi," Bi Time akasema.

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya wageni wote."

Akakaa juu ya mfuko wa saruji. Ameshapungua siku hizi, sukari imemla, na pale alionekana mdogo zaidi. "Mtoto wa ndugu yangu," akasema, "tena mgonjwa." Akatoa simu akupigie. Nikamwomba asipige, zamu ya mwanzo ni yangu. Akakubali kwa sharti moja: kesho atakuja bandarini, yeye na Salim. Basi ukiwaona alfajiri wamesimama pale usishtuke ukadhani kuna msiba. Salim sijui atasema nini. Kijana mkubwa sasa, ana mtoto wake. Mpe nafasi aseme, au akae kimya, vyovyote atakavyoweza.

Kwetu mtoto ndiye anayeomba radhi kwa mzazi anaposafiri. Kesho utanishika mkono uniombe, na mimi nitakupa radhi zangu zote, sizuii hata chembe; hukunikosea. Lakini kabla ya hapo, usiku huu ukimaliza kula, mimi ndiye nitakayekuomba wewe, kwa mdomo wangu. Sitaki barua hii iwe pahala pengine pa kujificha. Nimeiandika kwa sababu najijua. Sauti ikinikatika katikati, utakuwa na mengine yote hapa ukayasome kwenye boti.

Na nakujua wewe pia. Utataka kunisitiri. Nitakuwa sijamaliza hata nusu, nawe utasema, "Yameshapita, mama," ili nipate kulala. Usiseme hivyo kwa sababu mimi ni mama yako na kesho unasafiri. Nenda kasome, kaa na watu, jambo hili ulifikirie ukiwa mbali na uso wangu. Likiwa limekwisha kweli moyoni mwako, utanambia. Likiwa bado, nambie bado. Mimi nitaipokea simu yako vile vile, na nitakuuliza kama umekula.

Mama yako,
Rayya